Kompyuta Niliyoifunika Kitambaa

Leo nimejiaibisha, na ninaandika haya nikiwa bado nimejifunika shuka. Maombi ya chuo ya kaka Elia yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni, na vyeti vyake vimo kwenye kompyuta ya dukani kwa shangazi, kijijini Ziba. Jana nilikuwa huko, nikaiandaa ili leo tuweze kuifungua kwa mtandao tukiwa mjini Tabora. Mimi nisiyeongea hata mezani, hilo nililitangaza nyumba nzima.

Tulipofika steshenari ya mjini, kompyuta ya shangazi ikagoma kuunganishwa. Nikabadilisha neno la siri, nikaulaumu mtandao, mwisho nikamlaumu hata mwenye steshenari. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Saa tisa na nusu kaka akampigia shangazi, akaweka spika.

"Shikamoo shangazi. Kompyuta yako ina tatizo?"

"Marahaba baba. Tatizo litoke wapi? Mdogo wako jana kaizima vizuri, kachomoa na waya, kaifunika kitambaa changu cha kufuma. Huyo binti kalelewa!"

Foleni nzima ikacheka. Kaka akanisogezea kiti.

"Iwashe tu, shangazi," akasema taratibu. "Huyo aliyelelewa yuko hapa, anakusalimia."