Yule wa Mwisho wa Benchi

Jumatatu, kwenye duka la kuchapa tisheti za matanga zenye picha ya marehemu, hapa Kisangani, baba mmoja aliweka mezani picha ya mechi ya msimu uliopita wa ligi ya taifa ya basketi. Kidole chake kilipita wachezaji maarufu, kikasimama kwa kijana aliyeketi mwisho wa benchi akipiga makofi.

"Ni huyu mutoto wangu. Tunamuzika kesho."

Mchapaji akauliza kwa upole: "Papa, nimuwekee mupira mukononi?"

"Hapana. Musimu muzima hakuingia kucheza hata mara moja, na hakukosa mazoezi. Umuache vile iko, anapigia wenzake makofi."

Mimi, mwandishi wa michezo niliyekuwa nimesimama pale dukani, ninayejisifu kwamba niliripoti gazetini kila mechi ya msimu ule, ilibidi nimuulize baba huyo mwanawe aliitwa nani.