Chungu cha Chachu ya Mama

Mama hakununua chachu ya duka hata siku moja. Kule Nyamitaba alikuza yake ndani ya chungu, akiilisha maganda ya viazi na yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa fromaji, ambayo wengine walimwaga. Tulipokimbia vita kwenda Sake, aliacha godoro, akabeba chungu kifuani kama mutoto.

Alipokufa tulifuata desturi: vyombo vyote vya marehemu vinaoshwa. Mimi, mujinga mukubwa, nikasugua hata kile chungu kwa sabuni na maji ya moto, nikajisifu kwamba sasa kiko safi.

Kesho yake nikaanza kukanda unga wa mikate ya matanga. Nikafunua chungu nichote chachu. Kilinuka sabuni tu.

Kwenye kaburi sikulia. Njo pale, mbele ya kile chungu, nililia.