Nilishangilia Sukari ya Baba Mkwe Iliposhuka

Nimekosa, jamani, tena kwa kujifanya najua. Msinionee huruma, nichekeni tu. Hata nyumbani wananicheka.

Mimi ni mwalimu, kwetu Songea, nimeolewa huku Ringwani kwa Wakurya. Baba mkwe ana miaka sabini na kitu, anameza vidonge vya sukari. Alipoletewa kipimo cha nyumbani, nikakikamata mimi. Nikawa polisi! Soda marufuku, ugali nusu, uji wa asubuhi nikaufuta kabisa. Vidonge vikabaki vilevile. Namba ikishuka, nashangilia kama timu yangu imefunga goli.

Mzee hakulalamika hata siku moja, nikajisifu kwamba amenielewa. Kumbe kwa desturi yao, mzee hamwambii mke wa mwanawe kwamba ana njaa. Anabaki nayo tumboni, kimya.

Jumamosi moja, vidonge ameshameza na hajala kitu, nikampima. Kipimo kikasoma chini kuliko siku zote. Nikapiga makofi! Kunyanyua macho, mzee anatoka jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la ng'ombe wake. Nami nacheka, nikidhani ananitania.

Mama mkwe hakucheka. Alikimbilia stoo, akachomoa soda kwenye gunia la mahindi, akamnywesha taratibu mpaka macho yakatulia. Soda hiyo walikuwa wamenificha mimi. Ningeiona juzi yake ningeimwaga, na leo ningekuwa naungama msibani.

Tukampeleka kituo cha afya. Daktari akasema sukari ikishuka sana nayo inaua, na anayemeza vidonge vile hatakiwi kukaa na njaa. Akauliza ni nani aliyefuta uji. Nikainama. Mzee akawahi kujibu kwamba ni yeye mwenyewe, hakuwa na hamu ya kula. Nililia palepale, sikuona hata aibu.

Basi ninyi wenzangu wenye wazee na vipimo, msishangilie namba, mtazameni mzee. Akitoka jasho na kutetemeka, mpimeni upesi. Na chakula chake msikipunguze kabla ya kumuuliza daktari.

Uji umerudi. Jana nilichelewa kidogo kuupika. Nikasikia mtu anakohoa nje ya jiko, anakohoa tena, kisha sauti ya mzee, ya chini kabisa:

"Mkwe, nina njaa."

Nilikimbia na bakuli, nikasahau hata kumwamkia.