Neno la Siri la Gaudens

Kwa miaka tisa Apolonia ndiye aliyekuwa akili ya karakana ya Mzee Alfonsi pale Keko. Kompyuta ilikuwepo, tena mezani, imefunikwa kitambaa, lakini kujua kilichomo ndani yake ilikuwa kazi ya Apolonia peke yake. Kabla hajaja, vipimo vya vitanda na makabati viliandikwa kwa penseli kwenye vipande vya mbao. Siku moja kipande chenye vipimo vya kabati la mteja kiliingia jikoni, kikachemshia chai ya mafundi. Chai ilinyweka vizuri, kabati halikutengenezwa. Ndipo Mzee Alfonsi akakubali kila kitu kiingizwe kwenye mashine, na Apolonia akakiingiza, mchoro kwa mchoro, pamoja na jina la mteja, namba yake ya simu na ramani ya chumba chake cha kulala.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na sababu. Ukiwa na ramani ya vyumba vya watu mia tatu, hutaki kila mpita njia achungulie. Asiye na shughuli hakugusa kibodi. Kila Jumamosi alifungua boksi la kompyuta na kuondoa unga wa mbao kwa brashi ndogo ya rangi, taratibu, huku mafundi wakimcheka kwamba anamnyoa mgonjwa wake ndevu.

Karakana ya jirani ilipoungua, Mzee Alfonsi alimwita ofisini akiwa bado ananuka moshi. "Apolonia mwanangu, kopi ya kazi zetu isilale hapa. Iwe inalala kwako." Basi Apolonia akatafuta diski mbili za nje, zile ndogo zinazoingia mkobani. Kila Ijumaa alinakili kazi zote kwenye moja, akaenda nayo kwake Chanika, na Jumatatu akarudi na ile nyingine. Iliyobaki nyumbani ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Moto ungekula Keko yote, Chanika ingebaki na michoro.

Agizo hilo halikuandikwa popote. Hapo ndipo Apolonia, mwanamke aliyeandika kila kitu cha kila mtu, alipojisahau mwenyewe.

Mzee Alfonsi alikwenda Songea kutibiwa mgongo, akamwachia karakana mpwa wake Gaudens, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye viatu vyeupe kwenye vumbi la mbao. Haukupita mwezi, karakana ya ng'ambo ya barabara ikaanika kitanda chenye ubao wa kichwani uleule wa kwao, maua yaleyale, mpindo uleule. Mafundi wakaanza kunong'ona. Gaudens akasema atamkamata mwizi, na Ijumaa jioni akasimama getini.

Alimpekua Apolonia mbele ya mafundi kumi na wanne. Alitoa kanga, akatoa rozari, akatoa kibakuli cha chakula kitupu, mwisho akaitoa diski na kuinyanyua juu.

"Mnaona? Michoro yetu inaendaga wapi? Inaendaga Chanika!"

"Gaudens, mpigie Mzee simu sasa hivi. Yeye ndiye aliyeniagiza."

Gaudens akapiga, akaongea pembeni, akarudi. Mzee, alisema, hakumbuki agizo kama hilo. Apolonia, mwenye miaka arobaini na nne, akaambiwa aache funguo na asirudi. Alitoka kwa miguu, kanga yake ikiwa bado imeshikwa na mlinzi, na hakuna fundi aliyeinua kichwa.

Jina la mwizi lilimtangulia kila alikokwenda. Karakana mbili alizoomba kazi zilimtaka aache mkoba nje kwanza. Hayo aliyavumilia. Lililomkata maini lilikuwa la jumuiya, wale majirani wa Chanika aliosali nao kila wiki nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye alikuwa katibu wao. Jovina, mwenyekiti, alikuja kwake akiwa amebeba mapapai, akasalimia kwa kirefu, akauliza habari za mbuzi, kisha akasema wameona apumzike kidogo, kitabu cha jumuiya kikae kwa mtu mwingine. Apolonia akakitoa. Papai hakulila. Aliwapa mbuzi.

Wiki hiyohiyo Mwanakombo, aliyekuwa akipaka vanishi pale karakana, shoga yake wa siku nyingi, alimjia na ukweli. "Shoga, kile kitanda mie nilikiona kwenye status ya Gaudens. Kapiga picha kioo cha kompyuta, mchoro mzima, vipimo vyote, kaandika 'kazi juu ya kazi'. Asubuhi kaifuta. Anajua kabisa ni yeye."

"Na pale getini ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Mie nina watoto, Apolonia."

Apolonia alimkaribisha chai, kwa sababu alimpenda. Lakini siku hiyo alianza kumchukia Gaudens kwa utulivu wote, kama mtu anavyoanza kazi mpya. Kumbe anajua! Angekuwa amekosea, angemsamehe.

Diski ya pili ilikuwa bado ndani ya kopo. Alimpigia Gaudens mara tatu aje aichukue, mara tatu simu ikakatwa. Akaichukua, akaenda nayo hadi mlango wa choo cha shimo, akasimama. Kilichomzuia si huruma. Alifikiri kwamba shimo lingemeza kisasi chake chote mara moja, halafu abaki na nini?

Kesho yake aliibeba hadi kwenye duka la kuchapa barua alikopata kibarua, akaifunga kwa neno la siri. Ilikuwa ni wajibu: mle ndani kuna simu za watu na milango yao ya nyuma, kibaka akiiokota asisome kitu. Neno lenyewe alilifikiria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaliandika, akalirudia, akacheka peke yake mpaka mwenye duka akageuka.

Halafu akasubiri. Alijua jambo moja ambalo Gaudens hakulijua, kwamba mashine ile haikuwa na mtu wa kuitoa unga wa mbao. Kila Jumamosi, akifua, alihesabu. Jumamosi ya tano: feni imevaa sweta. Ya kumi na mbili: sasa inakohoa. Si jambo la kujivunia kuombea kompyuta kifo, na Apolonia aliiombea kwa moyo wote, halafu akaenda kusali.

Ilikufa Jumamosi ya thelathini na moja. Ilinuka plastiki, ikazima, na fundi aliyeitwa akasema hakuna cha kuokoa. Ile diski iliyonyang'anywa getini Gaudens alikwishaifuta zamani, akajaza filamu za kutazama. Haya aliyaleta Mwanakombo akiwa ameshika mbavu kwa kicheko. Lakini karakana haikucheka. Mwenye nyumba za kupanga kule Kigamboni, aliyetengenezewa makabati ya nyumba nane za kwanza, alitaka ya nyumba nane za pili, yafanane na yale hadi msumari, la sivyo anahamia ng'ambo ya barabara. Michoro hiyo ilikuwa sehemu moja tu duniani.

Mzee Alfonsi alikuja Chanika mwenyewe, na mgongo wake. Apolonia akamwamkia shikamoo, akampa kiti chenye mto na maji ya kunywa. Heshima ni heshima. Kisha akakaa mbele yake.

"Mzee, ulisema kopi isilale karakana. Hukusema?"

Mzee akatazama maji. "Nilisema."

"Na simu ya Gaudens ilipokuja?"

"Aliniambia umekamatwa unauza michoro. Hakutaja diski. Nilipouliza baadaye nikaelewa, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika. Gaudens ni mtoto wa dada yangu, Apolonia."

"Na mie ni mtoto wa nani?"

Mzee akayanywa maji yote hadi tone la mwisho, na mtu mzima anapojificha nyuma ya maji ni vibaya kumtazama. Apolonia alimtazama tu.

Alimpa masharti. Kwanza, hatarudi kuajiriwa. Atakuja kila Jumamosi kuitunza mashine, kama fundi anayeitwa, na saa sita anaondoka. Pili, kopi mbili, moja kwake, na safari hii kwa barua yenye mhuri. Tatu, kompyuta mpya itafunguliwa na mtu mmoja, msimamizi, kwa neno la siri ambalo Apolonia pekee ndiye mwenye uwezo wa kulibadilisha. Mzee alikubali yote. La tatu lilimfurahisha hasa, alisema linaonyesha umakini.

Asubuhi iliyofuata Apolonia aliingia getini pale Keko akiwa amevaa gauni la Krismasi. Alihamisha michoro yote kwenye mashine mpya, akamwonyesha Mzee makabati ya Kigamboni kwenye kioo, na Mzee akashika ukuta kwa furaha. Ndipo akamwita Gaudens, akamkabidhi kikaratasi kilichokunjwa.

"Msimamizi, hilo ndilo neno lako la siri. Ni refu kwa usalama. Herufi zote ndogo. Likariri, halafu kikaratasi unirudishie."

Gaudens akakikunjua. Kilikuwa kimeandikwa lile neno la diski: *gaudens alimsingizia apolonia na anajua*.

Alikisoma tena na tena mpaka msumeno wa nje ukamaliza ubao mzima. Apolonia aliutazama uso ule ukibadilika, na alifurahi. Hakuona haja ya kujificha.

"Dada Apolonia, hili..."

"Ni gumu kulikariri?"

"Andika, bwana, watu wanangoja kazi," Mzee akafoka.

Akaandika kwa vidole viwili. Akakosea, mashine ikamkataa. Akarudia, ikamkataa. Mara ya tatu ikafunguka, na Apolonia akampongeza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea.

Kuanzia hapo kila asubuhi Gaudens aliliandika. Umeme ukikatika, na Keko umeme hukatika, aliliandika tena. Akienda kunywa chai, mashine ilijifunga baada ya dakika tano, akirudi analiandika. Apolonia ndiye aliyeziweka dakika hizo tano. Kwa sheria za usalama kumi zingetosha.

Wiki ya tatu Gaudens alikuwa Kigamboni akipima kuta, na mteja akawa amekaa ofisini anataka kuona mchoro. Mzee Alfonsi akampigia, simu ikiwa kwenye spika, maana sikio lake moja ni zito. Mwanakombo alikuwa mlangoni na brashi yake, na kesho yake aliigiza yote Chanika, kwa sauti zote mbili.

"Paswedi ni nini?"

"Mjomba, nakuja sasa hivi."

"Mteja yuko hapa! Sema!"

Gaudens akasema kwa sauti ya chini. Mzee akamwambia apaze, misumeno inapiga kelele. Fundi mmoja, kwa uungwana mkubwa, akaizima misumeno. Basi Gaudens akasema tena, na yadi yote ikasikia.

Mzee akaandika, herufi moja moja. Alipofika mwisho akasimamisha kidole. "Na anajua. Unajua nini, Gaudens?"

"Ni paswedi tu, mjomba."

"Nakuuliza, unajua nini?"

Simu ikakatika. Mteja akauliza Apolonia ni nani, na mafundi kumi na wanne, walioinamisha vichwa siku ile, wakaanza kumwambia wote kwa pamoja.

Jumapili Gaudens alifika Chanika. Alikuta viatu vingi mlangoni, kwa kuwa ilikuwa zamu ya Apolonia kuipokea jumuiya. Akataka kurudi. Apolonia akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha katikati ya mkeka, karibu na Jovina.

"Huyu ni Gaudens, wa kule kazini. Ana neno."

Alijikaza akasema. Alisema yeye ndiye aliyeupiga picha mchoro na kuutupia kwenye simu, kwamba aliogopa mjomba wake, na kwamba Apolonia hakuiba hata penseli. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Jovina akainamisha uso. Wanawake wawili wakaanza kulia naye, maana jumuiya ile ilikuwa na mioyo laini, ila huchelewa kidogo tu. Mtu akaanzisha wimbo wa msamaha.

Apolonia aliimba nao, kwa sauti nzuri, beti zote. Kisha akampakulia Gaudens wali na maharage, sahani iliyojaa, akamnawisha mikono mwenyewe. Gaudens alikula akiwa amepata nafuu usoni. Alipomaliza akamsogelea, akanong'ona.

"Dada, basi utanibadilishia ile paswedi? Nimekoma. Nimesema mbele ya watu wote."

"Umesema, na nimesikia. Mungu akubariki." Apolonia alikuwa anakusanya sahani. "Mie nilikaa na jina la mwizi siku mia mbili na ishirini na mbili. Wewe umeandika siku ngapi?"

Gaudens akafikiri. "Ishirini na moja."

"Hapo umehesabu na Jumapili?"

"Ndiyo."

"Jumapili karakana imefungwa, hukuandika kitu. Toa tatu," alisema Apolonia, akampa kitambaa afute mikono. "Zimebaki mia mbili na nne."