Helmeti na wimbo wa katuni, Kiwira leo

Sijawahi kumwambia mtu: baba alipozikwa sikulia.

Nililia mwezi uliopita, kwa wimbo wa katuni.

Mnamjua yule mwimbaji wa jukwaani aliyerekodi upya nyimbo za filamu za watoto? Wimbo mmoja ameuwekea ngoma ya msibani.

Leo kaka Gwakisa, anayeturushia nyimbo kwenye simu pale Kiwira, aliupiga kwa sauti kubwa nikiwa kibandani kwake.

Dereva wa bodaboda akaingia.

"Zima! Nimemzika mama juzi, halafu unanipigia katuni kwa ngoma ya kilio?"

"Oya, albamu kali hii, mwana. Kama huipendi, pita."

Dereva akamtandika helmeti ya uso. Mara mbili. Nikasikia pua ikivunjika (ile sauti bado ninayo). Nje watu wanashangilia, "Mwongeze!"

Mimi, nisiyejibu hata darasani, nikapiga kelele: "Mimi nilimlilia baba kwa wimbo huo!"

Akanigeukia, helmeti juu. Akanitazama.

Kisha akampiga Gwakisa tena, huku analia.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mimi nilivua sweta la shule, nikambana nalo Gwakisa pua, nikamshika mkono tukaenda zahanati.