Msiba wa Mtu Aliye Hai

Hermani Hhando wa Hirbadaw si mtu wa makundi. Analima mahindi na mbaazi, ana ng'ombe wachache, na tangu mkewe Marieta alipofariki amezoea kuongea na redio kuliko na binadamu. Redio yenyewe ni ya betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, naye huenda nayo shambani, zizini, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kila asubuhi husikiliza kipindi cha salamu cha mtangazaji ambaye kila mtu anamwita Mjomba Salamu. Zamani alimtumia kadi alizonunua dukani kwa Shumbana pale Katesh. Siku hizi anatuma ujumbe wa simu. Na Mjomba humsoma kwa sauti yake nzito: "Hermani Hhando wa Hirbadaw anawasalimu wote wanaomfahamu." Wanaomfahamu ni wale wale aliokutana nao jana kisimani, lakini salamu ya redioni ina utamu wake.

Jumanne moja habari ziliingia kwenye simu za watu kabla hawajanywa chai: Mjomba Salamu amefariki dunia. Zilikuja na picha yake isiyo na rangi, mshumaa pembeni. Ndiyo mara ya kwanza Hermani kumwona mtu aliyemsikiliza miaka yote hiyo. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake.

Siku hiyo Hermani alikuwa na safari ya Katesh kuulizia maturubai, maana Jumamosi ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Agatha, mwanawe wa pekee. Mji mzima aliukuta msibani. Vijana wa bodaboda walikuwa wamefunga vitambaa vyeusi kwenye vioo. Ayubu wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila siku hubadilisha stesheni kipindi cha salamu kikianza, alikuwa anafuta macho kwa leso. Mmoja anasema Mjomba aliwahi kumtaja mara mbili kwa siku moja. Mwingine hakubali kushindwa, anasema yeye alikunywa naye chai Arusha. Ndivyo tulivyo. Mtu maarufu akifa, kila mmoja wetu hutafuta kiti cha mbele kwenye msiba wake, na asiyekuwa na kiti huchonga.

 Hermani aliagiza maturubai, akarudi nyumbani, akamwita jirani yake Gidion aje na wembe.

"Ninyoe."

Gidion aliangaza macho huku na huku, kama mtu anayetafuta maiti. "Nani amefariki, kaka?"

"Yule wa redioni."

Katika ukoo wa Hermani mtu hunyoa kichwa akifiwa na mzazi, ndugu wa damu, au mwenza. Kunyolea mtangazaji kulikuwa hakujasikika. Lakini Gidion alimtazama usoni akaona huyu hafanyi mzaha, basi akalowesha nywele akaanza kazi. Hermani alilia kimya kimya mpaka kichwa kikabaki cheupe.

Asubuhi yake aliwasha redio kwa mazoea tu, akiwa zizini. "Habari za asubuhi, wapenzi wasikilizaji," ikasema ile sauti, imechoka kidogo. "Nimeambiwa jana nilikufa. Nilikuwa nimelazwa kwa presha, na simu sikuwa nayo."

Hermani alipiga yowe mpaka ng'ombe wakatawanyika. Aliacha maziwa yalivyo, akatoka mbio hadi mashine ya kusaga kuwapa watu habari njema. Alifurahi kupita kiasi, na alidhani atawakuta wenzake nao wamefurahi.

Wapi! Watu walikuwa wamekasirika. "Ametusumbua bure," alisema mmoja. "Anatafuta kiki huyo," akasema mwingine. "Siku nzima watu wanalia, yeye kimya!" Hata Gidion, ambaye hakuwa ametoa chozi, alinung'unika kwamba mtu mzima hafanyi hivyo. Ungedhani Mjomba alikuwa na deni la kufa na ameshindwa kulilipa. Kisha macho yao yakahamia kwenye kichwa cha Hermani, hasira ikageuka kicheko. "Hermani, marehemu wako anakusalimu!" Salamu hiyo ilimfuata njia nzima hadi nyumbani.

Kicheko alikivumilia. Kilichomuuma kilikuja Ijumaa jioni, kaka yake mkubwa Yoakimu alipofika kwa kikao cha mwisho cha sendofu. Agatha alimwamkia, akampa kiti. Yoakimu alikaa, akamtazama mdogo wake kichwani, kisha akakohoa.

"Kesho binti nitamtoa mimi," alisema. "Kichwa cha msiba hakikabidhi bibi harusi. Unalijua hilo."

 Marieta alipokuwa mgonjwa, jambo alilomwomba Hermani lilikuwa hilo moja: "Agatha umtoe kwa mkono wako."

"Msiba gani, kaka? Aliyekufa ni nani?"

"Hakuna."

"Basi mimi si mfiwa."

"Ndiyo mbaya zaidi! Umemnyolea mtu hai. Unaita kifo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Vaa kofia, kaa nyuma pamoja na wageni."

Agatha alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai mkononi. "Baba," aliuliza polepole, "kwa nini ulinyoa? Watu wote walilia, wakaishia hapo."



"Mama yako alipofariki, majirani walikuja, nawashukuru. Matanga yalipokwisha kila mtu alirudi kwenye shamba lake, ndivyo inavyotakiwa. Lakini yule mtu, nilipomtumia habari, wiki nzima, kabla hajasoma salamu za wengine, alikuwa anauliza: 'Hermani wa Hirbadaw, umeamkaje leo bila Marieta?' Alimtaja kwa jina. Mimi nilikuwa namjibu kule jikoni, peke yangu, kama kichaa. Aliyelia nami kwa mke wangu, nisimlilie?"

Chai ilikuwa inapoa kwenye trei. Yoakimu alianza kusema jambo juu ya mila, lakini Hermani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkatiza kaka yake, alimkatiza.

"Nisamehe, kaka. Nimenyoa kwa baba. Nimenyoa kwa mama. Nimenyoa kwa Marieta, nikakaa mpaka nywele zikaota tena, hakurudi. Sijawahi kunyoa nikarudishiwa mtu. Huyu ndiye wa kwanza. Na wewe unataka nimfiche chini ya kofia?"

 Nje ng'ombe walikuwa wanaingia zizini wenyewe. Yoakimu aliinamisha uso, akajipapasa kichwa chake mwenyewe, ambacho naye alikuwa amekinyoa kwa wazazi wale wale. Alipoinua macho yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa ya ukali ule ule wa siku zote.

"Agatha, mwanangu, lete mafuta," alisema. "Baba yako hawezi kukutoa kesho na kichwa kimepauka namna hii."