Maziwa Waliyosema ni ya Nguruwe

Baba aliporudi kutoka hospitalini Same, baada ya moyo kumsumbua, daktari alikuwa amemwagiza apunguze mafuta. Shangazi, dada yake mkubwa, alilichukua agizo hilo akalifanya sheria. Nyama hakuna, mayai hakuna, maziwa ya ng'ombe wetu hakuna. Baba akabaki na uji wa mahindi na mchicha wa kuchemsha.

Wiki ya tatu alishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa. Mapaja yake yalikuwa yamebaki ngozi. Nikapanda bodaboda, nikateremka mlima kwenda kumwona muuguzi aliyemhudumia.

"Alichokatazwa ni mafuta," akaniambia. "Protini anaihitaji, tena sana. Engua malai, ule utando wa mafuta wa juu, kadiri uwezavyo umpe maziwa yanayobaki. Protini karibu yote inabaki humo. Ila usiwape watoto wadogo, hao wanahitaji na mafuta yake."

Nikachemsha maziwa, nikayaacha yapoe kwenye sufuria pana, halafu nikaengua utando wote wa juu. Yaliyobaki yalikuwa mepesi, meupe ya kufifia. Shangazi alinikuta nikiyamimina kikombeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hayo si ndiyo tunampa nguruwe tukishaengua malai?"

"Ndiyo. Na nguruwe ananenepa, baba anakonda. Nani kati yao tunamlisha vizuri?"

Jumapili, baada ya ibada, shangazi aliwaita wakubwa wa ukoo sebuleni. Baba mdogo akasema ni aibu mzee wa kanisa kunyweshwa masazo, na kwamba mimi nimesoma kidogo nikajiona daktari. Sikuinamisha kichwa. Nikaleta jagi la maziwa yale, nikajimiminia kikombe, nikakinywa chote mbele yao.

"Kesho nitampa tena," nikasema. "Na keshokutwa."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyemuuliza mwenye mwili. Baba, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye kigoda chake, alinyoosha mkono. "Nipe na mimi." Akanywa taratibu, akafuta midomo. "Hayana utamu. Lakini nimechoka kushikwa mkono kwenda chooni."

Tangu siku hiyo nilimpa kikombe asubuhi na kingine jioni. Uji nikaupika kwa maziwa hayohayo, na makande yake nikayaongezea maharage. Alimeza dawa zake na kila siku alizunguka uwanja akijishikilia ukutani. Mvua za vuli zilipoanza alipanda mwenyewe hadi shamba la tangawizi, akakaa juu ya jiwe akihema, akanikaripia kwamba matuta nimeyapinda. Sijawahi kufurahia kukaripiwa namna ile.

Shangazi anasema ni maombi. Mimi huitikia amina, kwa sababu niliomba pia. Lakini nguruwe wetu sasa anakula pumba na majani, na atakayetaka kuniitia kikao kingine, sebule ipo.